Mtandao Usio na Mkubwa

"Shikamoo, mama," Maulidi alimwamkia mwanamke aliyeketi karibu naye kwenye basi la Biharamulo.

"Marahaba. Kijana, unazijua hizi simu? Nifutie hii." Ilikuwa picha ya ajali, imewekwa kwenye mtandao wa kijamii. "Ni Keza, binti yangu. Tumemzika Jumamosi, na watu bado wanamtazama alivyolala barabarani."

Maulidi aliutambua mtandao ule. Aliujenga yeye na wenzake. "Kwenye kompyuta yangu nitaifuta leo. Lakini mtandao huu hauna mkubwa, mama. Kila anayeutunza ana nakala ya kila picha kwenye kompyuta yake, na hakuna wa kumwamuru."

"Basi nitajie majina yao, niwaendee mmoja mmoja."

"Siyajui. Tuliyaficha hata sisi kwa sisi, ili wawe salama."

"Salama," mama alirudia taratibu.

Basi liliposimama Nyamahanga, alishuka bila kuaga. Ndipo Maulidi akatambua kwamba hakumpa hata pole.