Mwanga Uliolifunga Daraja

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Waheshimiwa wakuu wa idara na wahadhiri. Ndugu zetu wa kampuni ya mawasiliano. Mafundi na wanafunzi wa maabara. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe shangazi yangu, ambaye leo tumekuja kukuaga kazini:

Nimesimama kwa niaba ya familia. Ninyi mnamjua kama profesa wa mwanga. Sisi nyumbani tunamwita Mama Usikohoe. Aliyewahi kuingia maabara yake anajua kwa nini: viatu mlangoni, simu nje, na akitaka kupiga picha ya chuma kwa mwanga wa leza, wote mbane pumzi, maana meza ikitikisika hata kwa hatua ya mtu mmoja, picha imeharibika. Mimi, mtoto wa kaka yake, nilitolewa nje kwa kupiga chafya, na undugu haukunisaidia kitu.

Lakini nitakuwa mnafiki nikisimama hapa kumsifu, halafu nikaliruka daraja.

Wengi mnaukumbuka mkongo uliofungwa ubavuni mwa daraja letu, ule uzi wa kioo unaopitisha simu na mtandao kwa mwanga. Mwanga ulianza kuyumba. Mafundi wakalaumu kiungio, wakakata, wakaunga upya; ukayumba vilevile. Nani angedhani kasoro haimo kwenye uzi? Shangazi akaomba vipimo, akaona kwamba mwanga unayumba lori linapopita, na lori likishapita haurudi kama ulivyokuwa. Akasema, "Acheni kuunga. Uzi ni mzima. Kilichoushika ndicho kinachoachia."

Na daraja lile alilijenga nani? Kaka yake. Baba yangu mzazi.

Shangazi alikwenda na vyombo vyake, akaipiga picha boriti ya daraja iliyoushika uzi, ikiwa haina mzigo, kisha akajiandaa kuipiga tena lori likiwa limesimama juu yake. Baba alikuwepo. "Kaka, bana pumzi," akamwambia, na baba akabana, akijua vyema picha ile inamtafuta nani. Picha mbili zilipolazwa moja juu ya nyingine, mistari ya mwanga ilikwenda sambamba mpaka kwenye mshono mmoja wa kuchomelea, ikakatika. Kwa macho, pale hapakuwa na kitu. Walipokwangua rangi na kuchimba, ufa ulikuwa umekula zaidi ya nusu ya boriti.

Daraja likafungwa siku ileile. Baba hakuiba chuma wala hakuzembea. Chuma kilichoka kabla ya wakati wake. Lakini nani mtaani husubiri maelezo? Baba akamwambia, "Mdogo wangu, umenivua nguo mbele ya watu." Shangazi akajibu, "Kaka, ningenyamaza, leo tungekuwa tunazika." Wakaacha kusemeshana. Nilipoolewa walikaa pande mbili za ukumbi, na mimi katikati nikilia, watu wakidhani ni furaha. Daraja likatengenezwa, likafunguliwa. Baba akawa anazunguka njia ya mbali, hata akiwa mgonjwa.

Shangazi, watu wanaopita pale na watoto wao hawakujui, na hujawahi kuwataka wakujue. Ulijua utampoteza nani, ukaipiga ile picha. Ni wangapi kati yetu, wenye elimu na vyeo vyetu, wangeifunika kamera na kusema mwanga haukutosha? Mimi sina hakika ningeweza.

Leo asubuhi nilimpitia baba nyumbani. Tulipofika njia panda nilitaka kukata kushoto kama kawaida, akasema, "Nyoosha." Tukaingia darajani. Tulipofika katikati akaniuliza, "Huu uzi wa shangazi yako, bado unasikia magari?"

Nikamjibu, "Unasikia, baba. Hata hili letu."

Akasema, "Basi endesha polepole, ajue ni mimi."

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Shangazi, kaka yako yuko pale mlangoni, nyuma ya hao waliosimama. Naomba mumpishe apite.