Kuni za Juu ya Mafiga

Ndugu Katibu Tarafa, mgeni wetu wa heshima. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji pamoja na wajumbe wa Halmashauri. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, na ninyi mliotembea tangu alfajiri kutoka Issuna: nawasalimu nyote.

Mmeniita ili mniage, kwa kuwa leo naacha ubalozi. Miaka saba nimekuwa balozi wa nyumba kumi, tangu tukiwa kule kwenye mahame yetu, na Ndugu Mwenyekiti amenisifu mpaka nimeona aibu. Eti Magdalena hali mpaka ajue kila nyumba imekula. Nashukuru. Lakini mimi najua, na ninyi mnajua, kwamba nikishakaa tu mtapiga kura ya kumwondoa Stumai na wanawe katika kijiji hiki, kwa kuwa moto wa Agosti ulianzia jikoni kwake.

Nyumba sita ziliteketea asubuhi moja. Bibi Luciana bado yuko hospitali Singida, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Nani hapa hana hasira? Hata mimi ninayo, na leo nitawaambia imwendee nani.

Kule tulikotoka tulikaa ndani ya tembe. Mama zetu waliweka kuni kwenye uchaga, juu kabisa ya mafiga, zikaushwe na moshi. Cheche ikiruka ingeunguza nini, na paa lenyewe ni udongo? Tumehamia hapa, tumejenga mbiombio, tumeezeka nyasi, nyumba zimepangwa mstari zimekaribiana. Lakini uchaga tumekuja nao. Ni nyumba ngapi zina kuni juu ya moto sasa hivi, wakati sisi tumekaa hapa tunapiga makofi?

Nisikilizeni vizuri. Siku mbili kabla ya moto tulitangaziwa ukaguzi wa usafi. Stumai alikuwa amepanga kuni zake uani, mbali na ukuta. Nikamwambia, "Ondoa takataka hizi, wageni wanakuja. Zipandishe juu ya mafiga kama wenzako."

Akanijibu kwa adabu, "Mama, nyasi ziko karibu mno. Upepo huu nauogopa."

Nikamfokea. Nikamwambia binti wa juzi hawezi kunifundisha mimi jiko. Nikasimama mlangoni mpaka kuni ya mwisho ikapanda. Siku ya tatu alifukia moto kwa majivu, akaenda kisimani, kama tunavyofanya sote. Aliporudi, paa lilikuwa linawaka.

Halmashauri ilimwita mara tatu. Aliulizwa ni nani aliyemtuma kuweka kuni pale. Akainamisha kichwa, akasema, "Jiko ni langu." Na mimi, balozi wake, nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza. Niliogopa. Niliona heri aondoke yeye kuliko mimi nivunjiwe heshima mbele yenu.

Tukitoka hapa, kila mmoja akashushe kuni zake. Kabla ya kwenda shamba moto uzimwe kwa maji, kwa sababu majivu yanafukuliwa na upepo. Debe la mchanga likae karibu na mlango. Na anayeweza ajenge jiko lake kando ya nyumba, hata kama ni kuta tatu za udongo. Haya Stumai aliyajua kabla yangu, na ndiye huyo mnayetaka kumfukuza.

Ndugu Katibu wa Kijiji, kalamu unayo. Katika hoja iliyo mbele yako futa jina la Stumai, uandike langu. Stumai mwanangu, nisamehe. Inua kichwa, watu wakuone.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho. Anayeona Magdalena aondoke katika kijiji hiki, sasa anyooshe mkono.