Trei Hauzi Hisa Zake

Kijiwe chetu kiko mbele ya mgahawa wa mama Ponnamma, hapa Namakkal, kusini mwa India, mji ambao hata mgonjwa akizinduka huuliza kwanza bei ya mayai. Jana yalitangazwa mafua ya ndege kwa jirani zetu wa Kerala, na hisa za kampuni ya kuku alimoweka Sengodan akiba yake yote ya miaka tisa zikaporomoka. Sengodan, tunayemwita Trei, ana mabanda ya kuku elfu nane, lakini tangu alfajiri alikuwa benchini na simu yake, akingoja soko la hisa lifunguliwe. Nilimwonea huruma, ingawa hisa zile sikuwahi kuzipenda.

— Siuzi, alisema. Hata zitumbukie kisimani.

— Uza, Trei, alisema Velayutham, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Watu wakiogopa kuku, kampuni ya kuku atainunua nani?

— Kerala wameugua bata, si kuku.

— Tajiri wa Mumbai anajua bata? Akisikia manyoya tu, huyo, mbio.

Mwanasheria, jina tulilompa fundi baiskeli aliyewahi kushindwa kesi mbili, akapuliza kahawa yake ya maziwa.

— Hakuna ugonjwa hapo. Huu mwezi wa Purattasi, mwezi wa ibada, nusu ya mji haigusi nyama. Matajiri walijua bei itashuka, wakatafuta kisingizio.

— Na bata waliokufa? aliuliza Redio.

— Wamelipwa.

— Bata wamelipwa?

— Wenye bata, bwana. Usinishike maneno.

— Mimi nasema ni wenye kampuni za chanjo, alisema Redio. Jana hisa zao zimepanda. Sasa nani kawapelekea bata mafua? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Methali hiyo inahusu nini hapa? aliuliza Mwanasheria.

— Si ina kuku?

Sengodan hakucheka.

— Semeni mtakavyo. Mafua yaliyopita nilikaa nazo, zikapanda. Leo sibanduki hapa mpaka nione.

Ndipo akaja Kanmani, yule dada anayezunguka mabandani kuchanja kuku. Aliagiza kahawa, akamsalimu Sengodan.

— Kaka, kuku wako leo wamekula vizuri?

Kuku akianza kuugua, huacha chakula. Hilo hapa kwetu hata mtoto analijua.

— Nimetoka nyumbani kukiwa giza, alisema Sengodan.

— Basi nani amewaona?

Sengodan akainuka, akaondoka upesi kuelekea mabandani bila kuaga. Soko lilipofunguliwa, hakuna aliyeuliza bei.