Mboga ya Chemchemi na Pampu ya Jirani

Akina mama, akina baba, niacheni nisimame. Nikikaa nitasema kwa upole, na leo sitaki upole.

Mnaijua mboga yangu ya bondeni, ile ya majani madogo ya mviringo inayoota majini na kuwasha ulimi. Hotelini Mbeya mjini wanaiita wotakresi. Mpishi mmoja alinipa miche, nikachimba mitaro, nikaelekeza maji ya chemchemi yapite polepole, maana haitaki maji yaliyotuama.

Juu yangu kuna jirani mwenye viazi. Simtaji. Asubuhi moja nikamkuta anaosha pampu ya kupulizia dawa palepale kwenye chemchemi.

“Baba, maji hayo yanashuka kwenye mboga.”

Akacheka. “Yanashuka, yanaondoka. Mama unaogopa povu?”

Kesho yake akaniletea debe la viazi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nililipokea, nikafunga mdomo.

Haukupita mwezi, binti yangu, mjamzito, akala mboga ile mbichi. Akatapika mpaka akashindwa kusimama. Hospitalini daktari akauliza, “Kala nini?” Kijiji kikajibu kwa niaba yangu: mama yule analisha watu majani ya sumu. Hata humu ndani wapo waliohama benchi nilipokaa. Ndiyo, nawatazama.

Nikang'oa mboga yote kwa mikono, huku nalia. Halafu nikapanda juu na jembe, nikaanza kuvuruga viazi vyake. Nilikuwa kwenye tuta la pili mkewe alipotokea na ndoo kichwani. Nikajua atapiga kelele. Akatua ndoo.

“Mama, hata mimi nimemkataza. Maji ya kupikia watoto nachota hapo hapo. Acha jembe, twende kwa mwenyekiti. Nitasema mimi.”

Akasema, mbele ya mumewe na mkutano mzima. Nami nikasema habari ya lile debe, aibu yote usoni. Sasa chemchemi ina uzio, pampu zinaoshwa mbali, na mboga nimepanda upya. Binti yangu alijifungua salama.

Asante, mama yule wa ndoo, unajijua. Asanteni manesi mliokesha na binti yangu. Hasira haijaisha, sidanganyi, maana jirani hajaniomba radhi mpaka leo. Ila nawaomba: ukimwona mtu anachafua maji, sema siku hiyohiyo, usingoje mgonjwa. Mimi nilinyamaza, na aliyetapika si mimi.