Abiria Mia Tatu na Kumi na Wawili wa Panzi

Mgeni rasmi, Mkuu wa Usalama wa Anga. Maafisa mlioongozana naye. Na ninyi majirani mliosimama kando ya kiwanja kwa sababu viti vimekwisha:

MAKARIBISHO

Karibu sana, na safari hii tunasema karibu kwa moyo mweupe. Mara ya mwisho ulikuja na magari matatu ya askari, na baadhi yetu tulijikuta tumejibanza nyuma ya mapipa ya mafuta. Leo umekuja na gari moja, nasi tumekupa kiti chenye mto.

Risala hii imeandikwa na karani wetu wa kiwanja, yule mama wa safu ya pili mwenye miwani iliyofungwa uzi. Amekataa kuisoma. Inasomwa na fundi wa ndege kwa niaba yetu sote, na tumeongeza mambo ambayo karani aliyaruka kwa kuona haya. Atatusamehe.

HISTORIA FUPI

Kiwanja chetu ni cha nyasi. Kina ofisi ya chumba kimoja, redio moja, na ndege moja ya rubani mstaafu, yenye viti vinne vya abiria. Kwa jinsi inavyorukaruka ikitua, tumeipa jina la Panzi. Hospitali kubwa ni dakika arobaini kwa Panzi, na siku mbili kwa barabara kama mvua haijanyesha.

Mwaka huu ulipoanza, huko mbali, ndege ndogo isiyojulikana ilipita juu ya mahali pasiporuhusiwa. Ofisi yako ikatoa amri: kila ndege ndogo ya binafsi ipeleke majina ya abiria siku mbili kamili kabla ya kuruka, na asiye kwenye orodha asipande. Hatukulaumu. Anga ni lazima ilindwe.

CHANGAMOTO

Wiki ya tatu, seremala wetu alianguka kutoka juu ya paa, mguu ukavunjika mahali pawili. Karani akapeleka jina lake papo hapo. Kisha seremala akalala siku mbili kwenye sakafu ya ofisi, juu ya mlango aliouchonga mwenyewe, akisubiri jina lake litimize muda. Panzi alionekana dirishani, ameshajazwa mafuta. Karani alikesha naye akimfuta jasho kwa taulo. Mguu ulipona, lakini umepinda.

Karani alirudi nyumbani akihesabu miezi kwa vidole. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Uchungu hautoi taarifa siku mbili kabla.

Basi kesho yake alichonga penseli, akaandika majina yetu sote, wazima kwa wagonjwa, kuanzia mzee asiyetoka kitandani hadi mwalimu wa chekechea. Abiria mia tatu na kumi na wawili. Akayasoma kwenye redio moja moja, kesho yake tena, na kesho kutwa tena, ili siku yoyote, yeyote kati yetu awe ameshatimiza siku zake mbili. Hakuvunja amri hata chembe. Alichosahau ni kwamba upande wa pili kuna mtu anaandika.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, mkafika.

"Abiria mia tatu na kumi na wawili wako wapi?" uliuliza.

"Wengine wako shamba, wengine wanafua," akajibu karani. "Unamtaka yupi?"

"Ndege hii ina viti vingapi?"

"Vinne, mwanangu."

"Sasa nani anasafiri?"

"Hilo sijui. Ugonjwa haujaniambia."

Tulijua amekwisha. Wewe ukavua kofia, ukaomba orodha, ukaisoma ukurasa kwa ukurasa. Ulipofika kwa mkwewe ukauliza kwa nini jina lile limepigiwa mstari mara tatu, naye akakueleza. Ukaondoka bila kuahidi kitu.

MAFANIKIO

Siku tisa baadaye redio ikalia. Amri mpya kutoka ofisini kwako: mgonjwa aruke kwanza, karatasi zifuate. Majaribio ya miezi sita. Karani aliomba yarudiwe, kisha akalaza kichwa mezani akalia kwa sauti, nasi hatukujua tumshike wapi.

Wiki mbili hazijaisha, mkwewe akashikwa na uchungu akiosha vyombo vya asubuhi. Kabla ya saa sita alikuwa mikononi mwa daktari. Tangu amri hiyo mpya, wamekwenda wagonjwa kumi na mmoja, na wamerudi watu kumi na wawili. Tumepumua, Mgeni rasmi. Tumepumua kweli.

MAOMBI

La kwanza: majaribio yanakwisha Ijumaa hii. Wajawazito wetu sasa ni watatu, na wote wanalala usingizi. Tunaomba amri hii iwe ya kudumu.

La pili karani hakuliandika kabisa. Yule wa kumi na mbili ni mjukuu wake. Wakati wa kurudi mama alikuwa mzima, hivyo orodha ilipaswa kutangulia siku mbili kama kawaida, nayo haipokei mstari usio na jina. Mtoto alikuwa hajapewa jina. Rubani aliwaleta hivyo hivyo. Ameshakiri, na sasa hivi anaangalia viatu vyake. Lakini karani wetu haandiki kwenye daftari lake jambo lisilofuata utaratibu, hata kwa damu yake mwenyewe. Mstari ameuacha wazi. Kwa mujibu wa daftari la kiwanja hiki, mtoto yule ana miezi mitano na bado yuko angani.

Tunaomba umteremshe: jina sasa analo, liandike wewe kwenye mstari ule. Yuko pale mapajani kwa bibi yake, anatafuna uzi wa miwani. Daftari liko mbele yako, na kalamu iko juu yake. Na mkono ukishapata moto, chini ya daftari tumeiweka ile amri ya kudumu, imeshachapwa, imebaki sahihi yako tu.

Mungu akulinde wewe unayetulinda, akufikishe nyumbani salama, na wa kwako wasikose wa kuwapokea.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanja cha Nyasi na majirani zao,
abiria wote mia tatu na kumi na watatu.