Mihogo Iko na Siku Ngapi mu Maji

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nilisimama mlangoni mwa jiko na kisu mkononi, nisijue nakwenda kukata nini. Niliitazama saa ya ukutani kana kwamba itaniambia. Nilipoitazama tena ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na mbili, na bado nilikuwa nimesimama palepale.

Ndugu zangu wa shirika letu la sala, msishangae mkiona nasoma kwenye karatasi. Nikiiweka chini nitapotea njiani, nanyi mtabaki mnaningoja.

Mwaka mmoja kabla ya asubuhi ile, katika hospitali ya misheni, walinikata titi la kushoto. Kisha wakanipa dawa ya kuingiza mshipani kwa miezi sita. Nywele zikaanguka, zikarudi. Nikashukuru Mungu, nikadhani yamekwisha.

Wengi wenu mnanijua. Niliacha shule mwaka wa pili, nikajifundisha kusoma kwa kalenda ya misheni, na Kifaransa kwa madaftari ya watoto wangu. Hapa Nyalukemba mtu akitaka kujua mtoto wake alizaliwa siku gani, alikuja kuniuliza mimi. Sikuwa naandika. Kichwa kilitosha.

Sasa kichwa kilianza kuniponyoka. Nilimwita binti yangu kwa jina la shangazi yake. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne, na mara ya nne ulikuwa mpya kama mara ya kwanza. Nilitia chumvi kwenye mboga ya sombe, nikatia tena. Sikumwambia mtu. Niliogopa mambo mawili: kwamba ugonjwa umepanda kichwani, na kwamba watu wataniita kichaa. Usiku nilikuwa nahesabu majina ya watoto wangu kimya kimya, kutoka wa kwanza hadi wa sita, nione kama wote wapo.

Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni pipa. Ninyi mamans mnajua: mihogo michungu lazima ilale majini siku nne hapa kwetu kwenye baridi, ndipo sumu yake itoke. Nimeiloweka tangu nina miaka tisa. Sasa kila asubuhi nilifika mbele ya pipa nisijue leo ni siku ya pili au ya nne.

Nikatafuta mbinu. Nilifunga kamba ya mgomba kwenye pipa, na kila siku nikapiga fundo moja. Mbinu nzuri, lakini ina tundu moja: ili ufunge fundo la leo, lazima ukumbuke kwamba hujalifunga.

Siku moja nilikuta vifundo vinne. Nikatia mkono majini. Mihogo ilikuwa migumu. Vidole vyangu viliniambia kweli, nawaambia, vilisema wazi: bado. Lakini nilikuwa nimezoea kutojiamini. Nikasema kamba haiwezi kukosea, mwenye kukosea ni mimi. Nikaitoa, nikaimenya, nikaikausha juu ya moto kwa sababu ya mvua, nikatwanga, nikapika bugali.

Mume wangu alikuwa kwenye matanga Nyangezi pamoja na watoto. Tulikula wawili tu, mimi na mama yake, ambaye anakaa kwetu. Tangu ile dawa mimi nakula kidogo. Nilimeza matonge matatu. Mama alimaliza sahani. Haikupita saa moja akashika kichwa, akatapika, miguu ikakataa kumbeba.

Jirani zetu wawili walimbeba juu ya kiti hadi dispansari. Mimi nilifuata nyuma na kichwa kikiniuma. Hapo mlangoni nilisikia mtu akiuliza taratibu, nani alipika. Mwingine akajibu, muke wa mutoto wake, na yeye hakukula. Hawakusema zaidi. Katika mji huu wetu, ndugu zangu, halihitajiki neno la zaidi. Mwanamke akishaitwa mtia sumu, hata watoto wake hawapewi maji kwa jirani.

Usiku ule nilikaa kando ya kitanda chake nikipima. Nikinyamaza, mimi ni mtia sumu. Nikisema, mimi ni kichaa. Niliona milango miwili tu, na yote miwili ilinitoa nje ya nyumba yangu.

Asubuhi mume wangu alifika na matope ya barabara miguuni. Alinitazama, na sikuwahi kutazamwa naye vile. Mama ndiye aliyefungua macho, akauliza kwa sauti nyembamba:

“Ile mihogo ilikuwa na siku ngapi mu maji?”

“Sijui, mama.”

“Hujui, ao hutaki kusema?”

“Sijui. Tangu ile dawa ya hospitali, siku zinanipotea. Hata majina ya watoto nayahesabu usiku.”

Mama akamgeukia mwanawe:

“Waambie wale wa kwenye mulango waende kwao. Huyu hakunitilia kitu. Amesahau tu.” Akanishika mkono. “Mimi macho iko mubaya, wewe kichwa iko mubaya. Tukijiunga, tutapata maman mumoja muzima.”

Mume wangu alicheka kwanza, ndipo akalia. Mimi nililia tu.

Niliporudi hospitali nilimweleza muuguzi mmoja. Akasema wanawake wengine waliopata dawa ile walimwambia mambo kama hayo. Sababu yake haijui, na kama yataisha hajui. Lakini si uchawi, akasema, wala si wazimu. Nilirudi na neno hilo kama mtu aliyebeba yai.

Sasa sihesabu siku. Mihogo ikiingia majini, naandika kwa makaa kwenye pipa jina la siku ile, mara moja, mama akiwa amesimama pale. Nalisoma kwa sauti, yeye analirudia. Mihogo haitoki mpaka tukubaliane wote wawili, na vidole vyangu vikubali. Tukishindana, inamwagwa.

Woga haujaniacha. Asubuhi nyingine bado nasimama mlangoni na kisu. Lakini sisimami tena peke yangu, maana nikiita, mtu anajua kwa nini naita.

Nawashukuru waliobeba kile kiti. Namshukuru yule muuguzi. Nakushukuru, mama, uliyekaa hapo mbele. Leo umekula kwangu tena, na wote wamekuona. Na wewe uliye hapa unayehesabu majina ya watoto wako gizani, sema “sijui” mapema, kabla mtu hajala.

Tangu tuanze utaratibu huu tumemwaga pipa mara tatu kwa kutokuwa na hakika. Nimeandika hasara yote ya pesa: zaire mia mbili na arobaini.