Docteur Séphora na saa iliyovaa uniforme

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mujinga nilikuwa mimi. Docteur Séphora Muyisa aliniambia nifike kwake Mususa, hapa Butembo, saa mbili asubuhi. Nikafika na micro yangu ya redio, saa yangu ya mkono ikisema saa mbili kamili. Kumbe kwake ilikuwa saa moja. Ilikuwa miaka ile ya vita. Basoda, askari waliotoka ng'ambo ya mpaka, walifuata saa ya kwao, inayotangulia yetu kwa saa moja. Na mimi, kwa woga, niliisukuma yangu mbele ifanane na yao.

Docteur akaangalia mkono wangu, akacheka.

— Zorobabel, hata saa yako imevaa uniforme?

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Docteur Séphora Muyisa, mtafiti wa usingizi na kumbukumbu, ametuacha juma lililopita.

Alichunguza schizophrénie, ugonjwa ambao mutu anasikia sauti zisizosikiwa na wengine. Sisi mtaani tunamwita fou, mwenda wazimu, tunafunga mlango. Docteur aliona jambo moja: wagonjwa wake wengi walilala mchana na kutembea usiku. Akajiuliza, kama saa ya ndani ya mwili imeharibika, kumbukumbu itapumzika wapi? Basi kila asubuhi aliwatoa nje kwenye jua, saa ileile, akawauliza jambo lilelile: "Jana ulikula nini?" Dawa waliendelea kumeza. "Jua si dawa," alisema. "Jua ni kengele."

Jéthro, mukimbizi kutoka Luofu, alijibu "Sijui" miezi mingi. Asubuhi moja akajibu:

— Sombe. Na chumvi ilikosa. Muambie Bénite.

Bénite ni mdogo wake docteur, alimwita yaya, yaani dada mkubwa, na ndiye aliyepika majani yale ya muhogo. Ameniambia: "Mimi nilikasirika, lakini yaya alilia na furaha. Akatoka inje kutafuta mutu wa kumuambia. Hakukuwa mutu."

Hakukuwa mutu, wasikilizaji. Walimu wake walikuwa upande wa pili wa vita, na barua hazikupita. Bwana yake, Apollinaire, alienda Kisangani kabla njia haijakatika. Habari yake haikurudi. Basi docteur aliweka viti viwili sebuleni. Katika kimoja alikaa akajipinga kwa Kifaransa. Halafu alihamia kingine, akajijibu kwa Kinande, lugha ya kwao. Majirani wakasema ugonjwa wa wagonjwa umemshika. Bénite akamuuliza: "Yaya, unasema na nani?"

— Na mwenye kunipinga. Nikimukosa huyu, nitajidanganya.

Kuna siku, Bénite anasema, kiti cha Kifaransa kilishinda. Siku hizo docteur alilala bila kula.

Ndipo ikaja safari ya Beni. Docteur alienda kuchukua dawa, Jéthro akamsindikiza, nami nikadandia. Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, Jéthro alitoka kununua ndizi. Basoda wakamkamata: amevunja couvre-feu, amri ya kutotembea nje kuanzia saa kumi na mbili jioni. Asubuhi tulisimama mbele ya commandant wao.

— Huyu ni espion, mupelelezi wa adui.

— Ni mugonjwa wangu, docteur akasema.

— Kama ni mugonjwa, hajui kitu. Kama anajua, ni espion. Chagua, mama docteur.

Muone mtego ule, wasikilizaji. Wakati ule espion hakurudi nyumbani. Kusema Jéthro anakumbuka ni kumpoteza Jéthro. Kusema hakumbuki ni kuizika kazi yake yote, na Jéthro mwenyewe anasikia. Docteur aliangalia chini.

— Hajui kitu, commandant. Hajui hata saa.

Sijasikia tena sauti yenye upweke kama ile. Jéthro alimgeukia kama mutu aliyekanwa na mama yake sokoni. Kisha akafungua kinywa, na mimi nikafunga macho.

Aliyoyasema ndiyo yaliyotutoa. Mulinzi wa mlangoni alicheka wa kwanza, wenzake wakafuata, na commandant akatuonyesha mlango. Tulirudi Butembo sote watatu. Njiani docteur alimuomba Jéthro musamaha. Jéthro akamuomba ndizi.

Leo viti vyote viwili viko wazi, cha Kifaransa na cha Kinande. Kwa Bénite, kwa Jéthro, ambaye bado anatoka nje kwenye jua asubuhi bila kuitwa, na kwa Apollinaire, kama anatusikia popote alipo: pole sana, Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, tukimsalimia mugonjwa "Umeamuka?", tusipite mbio. Tungojee jibu.

Maana jibu linaweza kuja. Siku ile ya Beni, commandant alimwekea Jéthro saa yake ya mkono mbele ya uso.

— Ulitembea saa kumi na mbili imepita! Kataa!

— Kwenu, commandant. Mimi nilikuwa natembea Beni.